Taa nyekundu imetulia

Kwa wiki nzima Raspberry Pi 4 yangu, kompyuta ya bodi moja inayokaribia ukubwa wa kadi ya benki, imekuwa ikizimika na kujiwasha yenyewe kila nilipochomeka kamera, nami nilikwisha kuilaumu kadi ya kumbukumbu.

Jioni hii niliinama karibu nayo, nikaiona taa nyekundu ya umeme ikizimika kwa kufumba na kufumbua.

Kumbe taa hiyo huzimika umeme unaposhuka chini ya volti 4.63 hivi, na mimi nilikuwa natumia waya mwembamba wa chaja ya simu!

Nimeazima chaja ya volti 5 na ampea 3.

Saa mbili zimepita, taa haijapepesa hata mara moja, na furaha niliyo nayo ni kubwa.

Wenzangu, ninyi mnatumia chaja gani?