Herufi saizi 18: ya Leeds na ya nyumbani western

Karatasi ya mtihani ikichapwa kwa herufi saizi 18 badala ya 12 inaongeza kurasa mbili tatu, basi, na kwa zile fotokopi za nje ya geti la kampasi hiyo ni pesa ya chai na mandazi. Naanza na hilo juu kila nikiongea na watu wa nyumbani kuhusu wanafunzi wenye ulemavu, jibu la kwanza huwa "huko kwenu majuu kuna pesa, sisi tutatoa wapi". Mimi niko Leeds, Uingereza, na kazi yangu ndiyo hiyo, kusaidia wanafunzi wenye ulemavu chuoni, naandika noti za lekcha, nasoma maswali kwa sauti, naandika majibu ya mwanafunzi ambaye mkono wake hauwezi kalamu, na ninavyoona vitu vingi vinavyomfikisha mtu kwa graduesheni havina bei kubwa. Vinataka tu kuwe na mtu aliyevifikiria kabla mwanafunzi hajafika.

Sasa nyumbani. Binti ya kaka yangu yuko mwaka wa pili kwa chuo kimoja huko western Kenya, chuo sitakitaja, na ana ualbino. Watu wengi wanadhani ualbino ni ngozi na jua peke yake, kofia na losheni mambo yameisha. Hapana, macho pia. Ile rangi inayokosa kwa ngozi inakosa ndani ya jicho, kwa hivyo mwanga unaingia mwingi kupita kiasi na sehemu ya nyuma ya jicho inayoona vitu vidogo haikukomaa vizuri tangu tumboni, tena macho yenyewe huwa yanachezacheza bila mtu kutaka. Miwani inasaidia lakini haimalizi tatizo. Msichana anasoma maandishi akiwa ameyaweka karibu kuguza pua, ubaoni haoni kitu hata akikaa mbele, na wakimweka kando ya dirisha saa nane mchana ndio kabisa.

Anachoomba ni vitu vitatu. Mtihani wa herufi kubwa, kiti mbali na dirisha, na slaidi zitumwe kwa WhatsApp usiku wa kabla ya lekcha ili azifungulie kwa simu na kuzikuza mwenyewe. Ni hivyo tu. Na kila semista inabidi aanze upya kuzunguka kwa kila lekchara wa kila yuniti akijieleza macho yake yako aje, mmoja anamwambia sawa hakuna shida, mwingine anataka barua, mwingine barua ameipokea ameisahau kwa meza, na mmoja alimuuliza mbele ya darasa "nikikupatia wewe, hawa wengine watasema nini?" CAT, ule mtihani mdogo wa katikati ya semista, ikaja fotokopi ya fotokopi, wino umefifia, herufi zile zile za kawaida. Akafanya nusu, muda ukaisha. Aliniambia kwa simu, "Anti, yale maswali yote nayajua, ni vile sikuyasoma yote." Kaka yangu yuko Manyatta hapo Kisumu, alikuwa ashaanza kusema labda amtoe amtafutie kozi ingine rahisi. Hapo nilikasirika na nikasema nitaandika.

Kwa sababu kozi haina shida. Hebu nieleze vile hapa wanafanya halafu mtaona.

Uingereza kuna Sheria ya Usawa ya 2010, inasema chuo lazima kifanye marekebisho yanayofaa ili mwanafunzi mwenye ulemavu asirudishwe nyuma kuliko wenzake, na gharama yake hairuhusiwi kudaiwa mwanafunzi. Lakini kitu kizito zaidi kwa hiyo sheria ni kwamba chuo hakingoji mwanafunzi aje alie kwa mlango. Kinatakiwa kufikiria mapema, kwamba watakuja wasioona, watakuja viziwi, watakuja wa wheelchair, watakuja ambao shida yao ni kusoma na kuandika ingawa akili yao ni kali, basi tumejipanga aje? Mwanafunzi anaongea na ofisi moja, mara moja, anapeleka barua ya daktari, wanakaa naye wanaandika mpango wake, na huo mpango unatumwa kwa lekchara wote na kwa watu wa mitihani. Lekchara haambiwi ugonjwa wote wa mtu, anaambiwa cha kufanya: slaidi siku moja au mbili kabla, mtihani saizi 18, dakika za ziada. Kawaida muda wa ziada ni asilimia 25, kwa hivyo mtihani wa saa mbili unakuwa saa mbili na nusu, mara nyingine na chumba kidogo pembeni au ruhusa ya kupumzika katikati.

Sisemi hapa ni mbinguni. Kuna lekchara hapa pia hafungui imeli, na nimekaa na wanafunzi wakilia. Tofauti ni kwamba mwanafunzi ana karatasi mkononi na akiwa amenyimwa kuna pa kwenda.

Na hili la "wengine watasema nini" nataka nikae nalo kidogo, juu naona ndilo linawafunga lekchara wengi wa nyumbani, hata wale roho safi. Wanaogopa kupendelea. Nikiwa naandikia mwanafunzi mtihani, masharti yangu ni makali kweli. Naandika neno analolisema, vile analisema. Akisema kitu cha uongo nakiandika hivyo hivyo na uso wangu haubadiliki. Kwenye masomo mengine lazima aniendelezee maneno ya kitaalamu herufi kwa herufi, na akitaka mchoro ananielekeza mstari kwa mstari. Hakuna alama hata moja inatoka kwangu. Sheria yenyewe hapa inatenganisha vizuri, kile kinachopimwa hakiguswi, njia ya kukipima ndiyo inabadilishwa. Kama mtihani ni wa biokemia basi pima biokemia, na mtu akifeli biokemia afeli, hakuna anayeomba alama za huruma. Lakini ile CAT ya mpwa wangu ilipima macho, na macho yake hospitali ilishayapima zamani.

Tena ulemavu mwingine huuoni kwa kumwangalia mtu. Kulikuwa na msichana aliyesoma fizikia Chuo Kikuu cha Bristol, Natasha Abrahart, alikuwa na hofu kali sana ya kuongea mbele ya watu, ugonjwa kabisa si aibu ya kawaida. Kozi ikawa inampa alama kwa kuhojiwa kwa mdomo baada ya maabara na baadaye prezentesheni ndani ya ukumbi mkubwa. Walimu walijua anahangaika. Aprili 2018, siku ya hiyo prezentesheni, alijiua, alikuwa na miaka 20. Wazazi wake walienda kortini, na mwaka wa 2022 korti ikasema chuo kilimbagua kwa kutobadilisha njia ya kumpima, chuo kikakata rufaa na Februari 2024 Mahakama Kuu ikaitupa. Hii kesi ilitikisa vyuo hapa, kwa sababu kusema "hakuwa ameleta fomu zote" haikukubalika kama sababu ya kukaa bure wakati shida inaonekana wazi. Nikifikiria tu kwamba kuhojiwa kungeweza kufanywa kwa maandishi, maswali yale yale, roho inauma.

Sasa pesa, nisiwafiche. Kuna fungu la serikali hapa linaitwa Disabled Students' Allowance, si mkopo, hurudishi, na kwa mwaka linaweza kufika zaidi ya pauni 26,000 kwa mwenye mahitaji makubwa. Linanunua programu za kompyuta, mkalimani wa lugha ya ishara, hata teksi kama basi haiwezekani. Hiyo Kenya hatuna na sitajifanya tunayo. Mkalimani wa ishara kwa kila lekcha ni gharama halisi na inataka bajeti ya serikali. Lakini tangu 2016 hata hapa kazi nyingi za kama kuandikiwa noti zilitolewa kwa hilo fungu zikarudishwa kwa vyuo vyenyewe, na vyuo vilifanya nini? Vilianza kurekodi lekcha na kuweka slaidi mapema kwa wote, wanafunzi wengi wakawa hata hawahitaji mtu wa kuwaandikia. Saa hii kila lekchara wa Kenya ana simu inayorekodi.

Na mambo ya sheria tunayo nyumbani jameni. Katiba yetu ya 2010 kifungu cha 54 kinasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kufika kwa taasisi za elimu, kutumia lugha ya ishara na Braille (yale maandishi ya kupapasa), na kupata vifaa vya kumsaidia kushinda vizuizi vya ulemavu wake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu tuliuridhia 2008, na kifungu chake cha 24 kinataja elimu ya juu waziwazi. Mwaka wa 2025 tukapata sheria mpya ya watu wenye ulemavu mahali pa ile ya 2003.

Kinachoniuma ni kwamba western ndiyo ingekuwa ya kwanza kujipanga. Shule ya Kibos hapo Kisumu inafundisha wasioona, St. Oda kule Aluor vilevile, Mumias kuna shule ya viziwi, hawa watoto wanasoma wanapita wanaitwa vyuoni kila mwaka, si siri. Maseno wana idara nzima ya elimu maalum inayofunza walimu wa watoto kama hawa. Ujuzi uko umbali wa matatu moja. Halafu mtoto anaripoti mwaka wa kwanza na watu wa mitihani wanashtuka kama wamepata mgeni wa ghafla.

Basi hiki ndicho tumefanya na mpwa wangu, labda kitasaidia mzazi mwingine. Kwanza tulihakikisha ana kadi ya Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, ambayo inataka upimwe hospitali ya serikali kwanza, hapo Kisumu kaka yangu alimpeleka Russia, ndivyo watu wanaita ile hospitali kuu ya rufaa. Pili alienda Sabatia kule Vihiga, ile hospitali ya macho, akaomba barua, na hapa muwe makini, barua ya "ana shida ya kuona" haisaidii mtu. Tuliomba iandikwe anahitaji nini: herufi saizi 18 nyeusi kwa karatasi nyeupe, muda wa ziada, kiti mbali na mwanga wa dirisha. Tatu tuliandika barua moja kwa mkuu wa idara, nakala kwa ofisi ya mitihani na ya mkuu wa wanafunzi, tukataja kifungu cha 54, kwa heshima bila vitisho, na akagongewa muhuri wa kupokelewa kwa nakala yake. Huo muhuri ni muhimu kuliko mnavyofikiria, sababu lekchara akisema hajui kuna kitu cha kumwonyesha.

Watu wa mitihani walisema sawa, tutaikuza kwa fotokopi iwe A3. Ni mwanzo, ila A4 ikikuzwa kuwa A3 inaongezeka mara 1.4 hivi, herufi ya 12 inakuwa karibu 17, na karatasi yenyewe inakuwa kubwa haitoshei kwa kile kiti cha mtihani chenye kimeza kidogo, tena kama nakala imefifia unakuza ukungu. Nilimwambia awaombe wabadilishe fonti kwa kompyuta halafu waprinti A4. Karani mmoja wa idara alielewa mara moja na sasa yuniti nyingi za semista hii zimekuja hivyo, Mungu ambariki huyo mama kweli. Zilizobaki bado tunasukuma.

Kwa wasioona kabisa kuna programu inaitwa NVDA, inasoma kwa sauti kilicho kwa skrini, ni ya bure, ilianzishwa 2006 na vijana wawili wa Australia ambao wenyewe hawaoni. Inaenda hata kwa laptopu mtumba. Lakini lekchara akikutumia PDF ambayo ni picha ya ukurasa wa kitabu aliopiga na simu, NVDA inaona picha tu, haiwezi kuisoma moja kwa moja. Walimu wetu, tafadhali, tumeni ile faili mliyochapa wenyewe. Haiwaongezei kazi.

Na nyinyi mnaokuja kusoma huku Septemba na visa ya mwanafunzi, na mna ulemavu, au mna kifafa, kisukari, msongo uliotibiwa hospitali, msiufiche kwa fomu. Najua tumelelewa kuficha, mama anakuambia usiseme watakukataa. Chuo hakiruhusiwi kukunyima nafasi kwa sababu hiyo. Lile fungu la serikali la pauni kwa kawaida hamtalipata kwa sababu ni la wanafunzi wa hapa, lakini wajibu wa chuo kufanya marekebisho ni ule ule kwenu, visa haibadilishi. Beba barua za hospitali kutoka nyumbani zenye tarehe, muhuri na jina la ugonjwa, maana kupimwa upya hapa, hasa kwa shida za kusoma na kuandika, kunaweza kula mamia ya pauni. Iandikie ofisi ya ulemavu ya chuo chako ukiwa bado Kisumu au Kakamega, punde tu ukipata barua ya kukubaliwa, usingoje ufike. Mwezi wa kumi foleni yao huwa ndefu na mitihani ya Januari inakukuta hujapangiwa kitu.