Leo kwenye kliniki ya masikio

Jioni hii nimerudi Kisauni kutoka kliniki ya masikio, ambako nilimsindikiza dada yangu na mwanawe wa miaka miwili, ambaye hadi leo hajatamka neno.

Mpimaji alipiga kengele nyuma ya mtoto, naye hakugeuka.

Alipoiweka juu ya meza na kuipiga tena, kiganja cha mtoto kilichokuwa mezani kilitulia ghafla, kisha akainama kutafuta chini ya meza kitu kilichomtikisa mkono.

Daktari alitueleza kwamba uziwi wa kurithi mara nyingi hupitia kwa wazazi wanaosikia vizuri kabisa: kila mmoja amebeba nakala moja ya jeni yenye kasoro, na kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto kupokea zote mbili.

Dada, ambaye mawifi zake wamemsema mno, aliuliza kwa sauti ya chini, "Kwa hivyo, daktari, si mimi peke yangu?"

Swali hilo bado linaniuma.

Mwaka 2024 watafiti wa China walitangaza kwamba watoto wenye kasoro ya jeni iitwayo OTOF walianza kusikia baada ya kutiwa jeni nzima ndani ya sikio, ingawa tiba hiyo haifai kwa jeni nyingine, na ya mwanetu bado haijapimwa.

Ndugu zangu wa Mombasa mliolea mtoto kiziwi, alianza kufundishwa lugha ya ishara akiwa na umri gani, na nani alimfundisha? Tafadhali niandikieni hapa chini.