Jina Lililokosekana Gaya

Mwezi wa Septemba 1994, nikiwa na umri wa miaka 19, nilimsindikiza baba yangu kutoka Unguja hadi Gaya, mji wa jimbo la Bihar nchini India ulio ukingoni mwa mto Phalgu, ambako Wahindu huwapelekea marehemu wao maji na chakula. Ulikuwa wakati wa Pitru Paksha, ile nusu ya mwezi ambayo kwa imani yetu wazee waliotutangulia husogea karibu na watoto wao na kungoja kukumbukwa. Baba alikuwa ameahirisha safari hiyo tangu babu alipofariki mwaka 1961, kwanza kwa sababu ya fedha, kisha kwa sababu ya maradhi ya bibi.

Kuhani aliyetupokea alikuwa wa jamii ya Wagayawal, ambao kwa vizazi vingi wamehudumia mahujaji na kuweka daftari za koo zao. Hakutuuliza majina yetu bali alituuliza asili yetu, na Baba alipotaja Mandvi, bandari ya Kutch walikotoka wazee wetu, alikwenda chumba cha ndani akarudi na daftari refu lililofungwa kwa kitambaa chekundu. Baada ya kupekua kwa muda mrefu alituonyesha ukurasa ambao baba wa babu yangu aliuandika kwa mkono wake mwenyewe. Tarehe ilikuwa ya kalenda ya Kihindu iitwayo Vikram. Baba aliibadilisha, ikawa 1908. Chini yake yalikuwapo majina ya wanawe watatu, na la tatu lilikuwa la babu yangu.

Baba alilitazama lile karatasi kwa muda, kisha akaniambia kwa Kiswahili, ili kuhani asielewe: "Mwanangu, wa nne hayupo."

Nilijua alikuwa akimsema nani. Nyumbani kwetu alitajwa kwa jina moja tu, "yule wa baharini". Alikuwa kitinda mimba, mdogo wa babu, ambaye babu alimwita aje Unguja amsaidie dukani. Jahazi lake liliondoka Mandvi na kaskazi na halikuonekana tena. Bibi hakuruhusu jina lake litamkwe mbele ya babu, na kwa kunyamaziwa hivyo miaka yote, jina lenyewe lilipotea. Safari ya 1908 ilifanyika kabla hajazaliwa.

Alfajiri iliyofuata tulishuka mtoni. Phalgu ni mto wa mchanga. Kwa sehemu kubwa ya mwaka hauonyeshi maji, na masimulizi yanasema Sita, mke wa mungu Rama, ndiye aliyeulaani upite chini ya ardhi, lakini mvua zilikuwa zimenyesha na maji yalitufika magotini. Baba alioga akiwa amevaa doti nyeupe, ile shuka ya kiunoni ya wanaume wa Kihindi, akavishwa pete ya nyasi takatifu za kusha, akahamisha uzi mtakatifu kutoka bega la kushoto kwenda la kulia, akaelekea kusini. Mwana ambaye baba yake yu hai hatoi sadaka hii, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kumshikia sinia la ufuta, maua na matonge ya unga wa shayiri yanayoitwa pinda. Alimimina maji yapite kati ya kidole gumba na cha shahada, akimtaja baba yake, babu yake na baba wa babu yake, na kila jina lilipotamkwa sauti yake ilizidi kushuka. Sikuwahi kumwona akilia kabla ya asubuhi hiyo.

Kwa ajili ya babu mdogo tulikwenda siku ya pili Pretshila, kilima ambacho juu yake hukumbukwa waliokufa vifo vya ghafla na vya ajali. Baba alipanda ngazi zile ndefu bila viatu, akipumzika mara kwa mara. Kuhani alipomtaka ataje jina, alinyamaza, kisha akasema hana. Kuhani akamjibu kwa upole kwamba sadaka hutolewa hata kwa wasiojulikana, hata kwa rafiki na kwa mtu asiyeacha mtoto. Inatosha kutaja ukoo na udugu. Wapo wanaowalaumu makuhani wa Gaya kwa kupenda fedha, na sibishani nao, ila mimi sitalisahau jibu lile.

Siku ya mwisho tuliweka pinda katika hekalu la Vishnupad, juu ya alama iliyomo kwenye mwamba, inayoaminika kuwa ya unyayo wa mungu Vishnu. Nje, Baba aligawa mchele na nguo kwa maskini waliopanga mstari, akimpa kila mmoja kwa mikono miwili. Chini ya mti wa Akshayavat, ambapo mhujaji huacha chakula kimoja akipendacho kwa maisha yake yote, aliacha doriani, na hakulionja tena hadi alipofariki.

Tulirudi kwa kuhani kuandika ziara yetu. Baba aliandika kwa Kigujarati majina ya babu, bibi, lake na langu, kisha akaongeza mstari: ndugu mdogo wa baba yangu, aliyepotea baharini akija Unguja. Mwanzoni mwa mstari huo aliacha nafasi ya kutosha jina moja, akasubiri wino ukauke, ndipo akalifunga daftari.