Imla ya Mama

Jana binti yangu alirudi na kazi ya shule: mzazi ataje haki moja ya kikatiba aliyowahi kuitumia. Nilikuwa karibu kujibu kura, nikamkumbuka nyanya yake na ile ramani.

Ilikuwa 2018, Nakuru haijawa jiji bado. Nyuma ya nyumba ya mama kulikuwa na uwanja wa vumbi ambao sote tulijua ni wa umma, kwa namna ile watu wanavyojua: tulichezea pale, na mtaa ukifiwa hema hupigwa pale. Asubuhi moja tukaamkia uwanja umezungushiwa mabati. Chifu akasema hana habari. Mwakilishi wa wadi akasema atafuatilia. Rejista ya hati za ardhi, inayoonyesha mwenye ploti, iko kwa serikali kuu, na huko hawakutafutii chochote bila namba ya ploti. Namba ingekuwa kwenye ramani ya mtaa, nayo ramani iko kwa kaunti. Kwa hiyo tukaenda kaunti.

Kijana wa kaunta alikuwa na adabu zake. "Shosho, leteni barua. Ikiwa ya wakili ni bora zaidi."

Mama wakati huo alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Usiku uliotangulia nilikuwa nimemsomea Sheria ya mwaka 2016 ya kupata habari, ile iliyotungwa kuipa nguvu Ibara ya 35 ya katiba, nikidhani anasinzia. Kumbe! Akamgeukia kijana.

"Mimi sioni vizuri, mwanangu. Sheria inasema asiyeweza kuandika, afisa humwandikia. Kwa Kiswahili. Halafu unipe nakala."

Kijana akanitazama. Mimi nikatazama kalenda ukutani. Akaingia ndani, akakaa kidogo, akarudi na karatasi.

"Haya, sema."

"Andika: mimi ni mjane wa fundi wa reli."

"Shosho, hiyo si lazima."

"Ombi ni langu au lako?"

Akaandika. Mama akaendelea taratibu, kama anayesoma tangazo kanisani: mwaka alioolewa, nyumba alizozikuta, mjakaranda uliokuwa pembeni mwa uwanja na aliyeukata. Foleni nyuma yetu ilianza kwa kuguna, ikaishia kusikiliza. Mwanamume mmoja mwenye risiti za ushuru alimsahihisha kuhusu mwaka wa mvua fulani, wakabishana, kijana akangoja kalamu ikiwa hewani. Hatimaye ikafika ramani yenyewe, mstari mmoja tu.

"Na sababu ya kuitaka?"

Hapo nilikuwa nimejiandaa. Sheria haimlazimu mwombaji kutoa sababu, na nilitaka kulisema hilo kwa sauti ya mtu aliyesoma. Mama hakunipa nafasi.

"Nataka kuiona. Kwani wewe hutaki?"

Watu wakacheka, na kijana naye akacheka. Nadhani ni pale alipoacha kuandika kwa kulazimishwa.

"Sasa nisomee."

Akasoma yote. Alipomaliza mama akatikisa kichwa. "Umeruka mjakaranda."

Akachora mshale pambizoni, akaupachika mti mahali pake. Kisha muhuri, kisha tarehe. Tarehe mama aliiulizia mara mbili, kwa kuwa siku 21 za kujibiwa huanzia hapo. Tukatoka na nakala yetu, na yule wa risiti akatufuata hadi mlangoni akitaka kujua kama habari za barabara nazo huombwa hivyo hivyo. Nikamwambia naam, hata mkataba wa mkandarasi.

Jibu lilikuja kabla siku hazijaisha, jambo lililomshangaza kila mtu isipokuwa yeye. Tulilipia gharama ya kunakili tu. Uwanja ulikuwepo kwenye ramani, una namba, na umeandikwa matumizi ya umma. Mjakaranda, bila shaka, haukuwepo, na mama alilichukulia hilo kama upungufu wa serikali.

Mabati bado yapo. Namba ya ploti tunayo, na ofisi ya rejista si mbali, lakini hakuna kati yetu aliyekwenda. Nilipomgusia mama, alisema, "Mimi niliomba ramani. Mabati ni ombi jingine." Labda tumechoka. Au labda hakuna anayetaka kuifungua ile rejista akute jina la mtu tunayesalimiana naye.