Makinda wa mwewe wakianza kutoka kiotani

Kwenye mvinje ulio nyuma ya nyumba yetu hapa Tanga, mwewe wana kiota. Majirani walinishauri niukate ule mti kwa ajili ya kuku. Sikuukata. Vifaranga nawafungia kwenye tenga mpaka wakue, ugomvi kwisha. Kazi yenyewe huja makinda wanapoanza kutoka, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kuzuia watu.

Mwewe huatamia kama mwezi mmoja, kisha makinda hukaa kiotani wiki sita hadi nane. Wakikaribia kutoka, chini ya mti pananuka: vichwa vya samaki, mikia ya panya, matambara. (Mwewe hutandika kiota kwa vitambaa na mifuko ya plastiki, soksi ya mwanangu iko juu kule.) Halafu kinda anahamia tawini. Haruki bado. Anashika tawi, anapiga mbawa kwa nguvu, anachoka, anatulia. Upepo ukimkuta vibaya, yuko chini.

Hapo ndipo watu huingiwa na huruma. Ukimtazama kwa karibu, mdomo wake ni mweusi, ilhali wa wazazi wake ni wa manjano. Vinyoya vya malaika vimemganda kichwani. Mbawa kaziachia, kinywa wazi. "Mjomba, mama yake kamtupa, tumlee sisi," watoto wa jirani waliniambia. Hajatupwa. Mama yuko juu ya waya wa umeme anamwangalia, na ukimsogelea sana mwanawe atakushukia kisogoni. Mimi hutoka na mwavuli, nimeufungua kabisa.

Kwanza mbwa afungwe, watoto waingie ndani, kisha nasubiri. Mara nyingi kinda hujikokota mwenyewe hadi kichakani au ukutani. Akishindwa na giza linaingia, namfunika taulo, nabana mbawa mwilini na kuidhibiti miguu mapema, maana kinachoumiza zaidi ni makucha, si mdomo. Namweka kwenye tawi wasikofika mbwa. Yale maneno kwamba mama akinusa harufu ya mkono wa mtu humkataa mwanawe, hayana ukweli. Maziwa na mkate usimpe, na maji usimmiminie kinywani, yatamwingia mapafuni. Mwenye damu au bawa linaloning'inia, huyo ni wa afisa wanyamapori wa wilaya. Kumfuga bila kibali ni kosa kisheria.

Wakisharuka, usidhani umepumzika. Wazazi huendelea kuwalisha kwa wiki kadhaa, nao huomba kwa kelele tangu alfajiri. Kutua ndiko hawajajua: mmoja aliidaka kamba ya kuanikia nguo, ikamzungusha akabaki kichwa chini miguu juu, kanga za mke wangu zote mchangani. Mgeni akija majira hayo, tunamlaza chumba cha mbele.