Silinda ya Lita Moja

Desemba ile hoteli moja ya Bamburi ilijaa wageni pomoni, na mtambo wake wa maji taka ukalemewa. Tangi la kutuamisha, ambalo lingetoa maji meupe, lilikuwa likifurika tope la kahawia. Nyuma ya ukuta ni ufuo, watoto wanaogelea. Wenye hoteli walishaamua kuchimba tangi la pili, na mkandarasi alishatandika kamba za vipimo.

Fundi aliyekuwa akinifunza kazi, mzee wa Kisauni, hakuzitazama zile kamba. Alichota maji ya tangi la hewa, ambamo bakteria wa tope hupulizwa hewa wale uchafu, kwa silinda ya kioo ya lita 1, akaiweka kivulini.

"Mwanangu, tukae nusu saa. Usiiguse."

Tope lenye afya hufanya madonge, likashuka na kuacha maji safi juu. Hili lilielea kama sufi iliyochambuliwa. Dakika 30 zilipotimia lilikuwa bado kwenye alama ya mililita 900. Kila lita ilikuwa na gramu 3 za tope kavu, kwa hiyo kila gramu ilichukua nafasi ya mililita 300. Ikipita 150 tu, fundi huanza kuhangaika.

"Mzee, kwani tangi si dogo?"

"Tangi latosha. Tope hili halina uzito. Ukilijengea tangi jingine, litaelea humo pia."

Tulipofungua tangi la hewa tukakuta vitoa viputo vimezibwa na utelezi na mafuta ya jikoni. Mtego wa mafuta haukuwa ukizolewa. Hewa ikipungua, bakteria wa nyuzi huwashinda wa madonge, na nyuzi zao huyazuia madonge yasishikane. Kuna aliyetaka tutie klorini. Ingeziua nyuzi, lakini kwa hewa ile zingeota upya, na mzee alikataa katakata. Namshukuru hadi leo.

Tukasafisha vitoa viputo, mtego ukazolewa, tukatenga kichumba mwanzoni mwa tangi ili tope linalorudishwa kutoka tangi la kutuamisha likutane kwanza na maji taka mabichi. Chakula kikiwa kingi hivyo, bakteria wa madonge hukifyonza upesi kuliko wa nyuzi. Kisha tukangoja, huku tope bovu likiondolewa kidogo kidogo, kwa wiki kadhaa.

Pasaka hoteli ikajaa tena. Silinda ilisoma mililita 350, maji yakatoka meupe, na mkandarasi akaja kuchukua kamba zake.