Daftari la Mjomba

Kwetu Mtwara mtu mzima akianza kusahau, jibu huwa tayari kabla swali halijaisha: ni uzee. Wengine hushusha sauti na kusema amechezewa. Mjomba wangu wa Newala nimekuwa nikimwangalia tangu msimu uliopita wa korosho, na leo nayaandika niliyoyaona kabla ndugu hatujaanza kubishana.

Mjomba alikuwa karani wa chama cha ushirika kwa miaka mingi, na makato ya pembejeo na usafirishaji aliyakokotoa kichwani huku wakulima wakiwa bado wanatafuta kalamu. Kuchanganya majina ya wajukuu hakunitishi, maana wajukuu wake ni wengi. Kinachonitisha ni kazi aliyoifanya nusu ya umri wake kuanza kumshinda: aliandika kilo kwenye safu ya shilingi, akatambua kuna kasoro asijue iko wapi, kisha akalifunga daftari akisema macho yamechoka. Siku hiyohiyo aliniuliza kama salfa ya kupulizia mikorosho imefika, nikamjibu, tukanywa chai, naye akauliza tena kwa maneno yaleyale. Lakini mwulize habari za Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, atakutajia nani alihamishwa kutoka wapi. Ugonjwa wa Alzheimer, unaoharibu ubongo na kumbukumbu polepole, kwa kawaida hushika mapema sehemu ya ubongo inayohifadhi mambo mapya, ndiyo maana mambo ya zamani hudumu zaidi.

Wageni hawaoni lolote, na nadhani adabu zetu ndizo zinazowaficha ukweli. Salamu za huku ni ndefu. Huulizwa afya, watoto, shamba na mvua, na mjomba huitikia zote bila kujikwaa, akimwita kila mtu "mwanangu", hivyo halazimiki kutaja jina. Aliyekaa naye robo saa huondoka akisema mzee yuko imara.

Anayejua ni mkewe, ambaye ameitwa mwizi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Stakabadhi za mauzo zilipotea, mjomba akamshuku yeye, kumbe alizificha mwenyewe kwenye ndoo ya mchele. Mwaka 1906 daktari Mjerumani Alois Alzheimer alieleza habari za mgonjwa wake Auguste Deter, aliyepokelewa hospitalini Frankfurt mwaka 1901 akiwa na umri wa miaka 51, na miongoni mwa dalili zake za mwanzo ilikuwa kumshuku mumewe. Nilipomsimulia, mke wa mjomba alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Kwa hiyo hajanichukia."

Sisemi kwamba ni Alzheimer. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, sonona, maambukizi na hata baadhi ya dawa huweza kuvuruga kumbukumbu, na mengi ya hayo yanatibika. Mjomba pia ana shinikizo la damu la siku nyingi, ambalo huharibu mishipa ya ubongo. Kwa sababu hiyo sikubaliani na mdogo wake anayetaka tuanze kwa mganga; atakayempima damu na kumwambia achore uso wa saa, kipimo cha akili na kumbukumbu, ndiye atakayetupa pa kuanzia. Tumekubaliana tumpeleke hospitali ya Ligula, Mtwara mjini, tukiwa na mfuko wenye vidonge vyote anavyomeza, pamoja na karatasi yenye matukio na tarehe zake kama anavyozikumbuka mkewe, kwa kuwa mbele ya daktari mjomba atasalimia vizuri na kujibu kwa ufasaha.

Limebaki suala la fedha za korosho za msimu ujao, ambalo nilitaka liamuliwe naye mwenyewe wakati bado anaweza kupima jambo. Nilipomwuliza nani asimamie akaunti, hakusita: alimtaja binti yake wa pili, anayeuza samaki Mikindani, kwa sababu "huyo anajua kurudisha chenji". Kijana wake mkubwa hajafurahi, na kikao cha ukoo kimepangwa Jumapili.